Shangazi, Arobaini Kwani Inaisha Lini?

SWALI: Shangazi shikamoo. Naishi Kimara hapa Dar, mke wangu Mchaga wa Machame. Alivyojifungua mama yake akaja kumlea mzazi, nikafurahi kwa kweli maana mtoto wa kwanza hata kumuogesha tulikuwa hatujui, tukajua arobaini ikiisha bibi anarudi zake Moshi. Shangazi, mtoto ana miezi saba, kashaota meno mawili, bibi yupo. Analala chumbani na mke wangu, eti mtoto akilia usiku nitaenda kazini na usingizi, kwa hiyo mimi ni wa kochi la sebuleni, kochi lenyewe la watu wawili miguu inaning'inia. Nyama na ndizi nanunua mimi ila mtori ni wa mzazi, mimi ugali na mchicha. Juzi saa tano usiku nikagonga mlango taratibu nimsalimie tu mke wangu, akafungua mkwe na tochi: "Baba, unatafuta chaja?" Nikasema ndiyo mama. Akanipa. Ni ya tatu hiyo. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba baba, pole, ila nimecheka mpaka chai ikanipalia. Sasa mkeo anasemaje? Maana barua nzima sijaona pahali analalamika, na mtu anayeletewa mtori kitandani na mtoto anaogeshewa hana haraka huyo. Anza na yeye, tena mtoe nje hata mkanywe soda, humo ndani mtasikika. Kumwambia mama ni kazi yake yeye. Wewe ukithubutu tu "mama unaondoka lini", kesi itafika Machame kabla yako, na Krismasi mkipanda utakuta kikao kimeshakaa kinakusubiri.

Halafu mkwe hafukuzwi, anashukuriwa. Pika pilau, ita mashemeji na majirani wawili watatu, simama useme mama umetulelea mtoto mpaka meno yameota, mkabidhi vitenge, blanketi, mchele na sukari ya nyumbani, na bahasha yenye tiketi ya basi humo humo. Akishapigiwa vigelegele hivyo ataanzaje kubaki? Ila ukinunua kanga soma maneno kwanza, nakuona una hasira, usije ukambebesha ile ya mgeni siku ya tatu mpe jembe.

Tiketi kata ya kwenda tu. Na hizo chaja rudisha, simu ya mkeo itakuwa imezima tangu juzi.