Tulijua kuimba, hatukujua kuulizwa

Bwana Yesu asifiwe. Wiki hii mmeuliza: "Usharika wenu ukipata nafasi ya kutuma kikundi ng'ambo kwa huduma ya wiki mbili, mtajiandaaje?" Sisi tumeshakwenda, kwa hiyo najibu kwa yale tuliyoyapitia.

Mimi ni mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) huku Uchagani. Tulialikwa na usharika rafiki wa Leipzig, Ujerumani, mwezi wa kumi. Kwetu jina la Leipzig si geni: wamisionari wa huko walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na sharika nyingi za mlimani zimetokana na kazi yao. Safari hii tulioitwa kupeleka Neno ni sisi. Tukajiandaa kwa miezi mitano, kila Jumatano na Jumamosi: nyimbo 18, tatu kati yake za Kijerumani tulizozikariri neno kwa neno, na sare mbili za kitenge.

Ya makaratasi niyaseme haraka. Visa ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, Ujerumani ikiwamo, huombwa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Msingoje zibaki hizo 15. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya matibabu ya safari iwe ya kiasi kisichopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe na umri usiozidi miaka 10, na ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka huko. Tuliomba watu 14, tukaenda 12. Wawili walionyimwa ni vijana wasio na ajira rasmi, na kosa lilikuwa letu viongozi. Tulidhani barua ya mwaliko inatosha, hatukuambatanisha chochote cha kuonyesha kwamba watarudi. Kijana ana kihamba, yaani shamba la ukoo, ana mke na mtoto, ana hisa VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa; yote hayo yaandikwe na yapigwe muhuri. Mmoja wao alikuwa besi yetu ya kutegemewa, na Jumapili ya kuagwa alikaa nyuma kabisa kanisani. Bado inaniuma.

Mizigo nayo: nyama na maziwa abiria haruhusiwi kuingiza Ulaya, hata ikiwa ni zawadi ya kumpelekea mwenyeji. Kahawa yetu inatosha. Bebeni sweta na soksi nzito. Jioni mezani mtakuta mkate, jibini na nyama baridi. Hicho ndicho chakula cha usiku, msingoje kingine.

Sasa nije kwenye lililotushinda.

Kwa wiki mbili nzima, muda tuliosimama kuimba, ukiujumlisha wote, haukufika masaa sita. Siku zilizobaki zilikuwa za kukaa na watu: jikoni kwa wenyeji, darasani, kwenye nyumba ya wazee, kwenye vikundi vya vijana. Huko hakuna kipaza sauti wala kinanda. Mtu anakutazama machoni, anauliza, kisha ananyamaza akingoja.

Niliyempata kuwa mwenyeji wangu ni mama wa miaka sitini na kitu ambaye hakuwahi kubatizwa. Alinipokea kwa sababu binti yake anaimba kwaya ya usharika ule. Mji wao ulikaa miaka 40 chini ya serikali ya kikomunisti ya Ujerumani Mashariki, na wakazi wengi hawana dini kabisa. Msije mkadhani wamerudi nyuma. Hawakuwahi kuwamo, na wengine hata wazazi wao hawakuwamo. Mtu wa namna hiyo ukimwuliza kama ameokoka, hajui unamwuliza nini.

Asubuhi ya tatu nilifumba macho nikaombea chai. Nilipofumbua, alikuwa ameshika kisu juu ya mkate bila kukata. Akaniuliza, binti yake akitafsiri kwa Kiingereza: "Unapoomba, unajuaje kwamba yupo anayesikia?" Nikaanza ushuhuda wangu, ule ninaoutoa kwenye semina, wa mwaka niliookoka. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Hayo ni ya zamani. Mimi nauliza leo, hapa mezani."

Sikuwa na jibu lililoandaliwa. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimwombea mama yangu miezi saba na hakupona. Na kwamba usiku ule aliofariki nilikuwa nimemshika mkono, na sikujiona niko peke yangu mle chumbani. Zaidi ya hapo nilishindwa kueleza. Naye hakusema kitu, akakata mkate. Kesho yake nilipofumba macho, alisubiri birika mkononi mpaka niliposema amina, ndipo akamimina kahawa.

Siku nyingine tulipelekwa shuleni. Binti wa kama miaka 16 alisimama akauliza: "Watu wetu walimnyonga mfalme wenu. Kwa nini mlibaki na dini yao?" Alikuwa amesoma habari za Mangi Meli, mtawala wa Kichagga aliyenyongwa na serikali ya Wajerumani kule Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Inaaminika kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na uzao wake umekitafuta kwa miaka mingi. Tulikuwa Wachagga 12 mbele ya darasa lile, tukatazamana. Kiongozi wetu akasema, "Tulishasamehe." Mwalimu akashukuru, kengele ikalia, swali likabaki darasani.

Ya kwao nayo hatukuwa tumeyasoma. Habari kwamba watu wapatao 70,000 waliandamana dhidi ya serikali ile ya kikomunisti tarehe 9 Oktoba 1989, baada ya ibada za maombi katika Kanisa la Nikolai na makanisa mengine ya Leipzig, na kwamba mwezi mmoja baadaye ukuta wa Berlin ulifunguliwa, tuliambiwa tukiwa tumesimama mlangoni pa kanisa hilo. Kumbe watu tuliokuja kuwahubiria wana ushuhuda wa maombi ambao sisi tungepaswa kuujua kabla ya kupanda ndege.

Jambo jingine ninalolisihi: asiende mtu na barua ya maombi ya msaada mfukoni. Mahitaji ya usharika yana njia yake, yapitie kwa viongozi. Mwenyeji amekupa kitanda na ufunguo wa nyumba, nawe siku ya mwisho unamtolea bahasha ya karo ya mtoto; maongezi yote mliyokuwa nayo ataanza kuyatilia shaka. Kwetu lilitokea, na aliyeombwa alilia.

Niliporudi nilikwenda kwa mzee mmoja wa usharika wetu aliyepita miaka themanini.

"Shikamoo, babu. Huko tumeulizwa swali likatushinda."

"Marahaba. Lipi hilo?"

Nikamweleza la yule binti. Akafikiri kidogo, akasema: "Ungemwambia Ruwa, Mungu kwa Kichagga, tulikuwa naye kabla mzungu hajapanda mlima huu. Wamisionari hawakutuletea Mungu. Walituletea habari za Mwanawe, na wengine katika wao walijifunza Kichagga wakakaa nasi mpaka wakazeeka. Aliyemnyonga Meli na aliyetufundisha kusoma walitoka nchi moja, lakini hawakuja na kazi moja. Na wakati mwingine hata sisi tulishindwa kuwatofautisha. Hilo nalo umwambie, usilifiche." Kisha akauliza: "Kabla ya kwenda, mlikaa na nani?"

Nikamwambia tulikaa na mwalimu wa kwaya.

Kikundi cha mwakani kitaanzia kwa mzee huyo, Jumamosi mbili, kabla ya wimbo wowote. Baada ya hapo kila mmoja ataketi kwenye kiti mbele ya wenzake na kuulizwa kwa nusu saa, bila kukimbilia mstari wa Biblia aliokariri. Swali la kwanza tumeshaliandika, ni lile la mama wa Leipzig.