Msimwage zege juu ya majani

Simamisha kazi kwanza, yakhe. Unasema fundi keshakwambia mkwatue majani tu, wiki ijayo mmwage zege, banda la zana lisimame kabla ya masika. Maneno hayo hayo niliambiwa miye.

Kwangu Pemba ni bondeni, udongo wa kinamo, kama ulivyoueleza wa kwako. Kinamo kikilowa huvimba, kikikauka hunywea kikapasuka. Fundi wangu alikwatua majani, akamwaga kifusi chote siku moja, akakipigapiga kwa mgongo wa chepe, kisha zege. Nikamuuliza, hakishindiliwi? Akanijibu, "Banda la majembe hili, si ghorofa." Likapendeza kweli. Masika yalipoingia, siku ya nne ya mvua mfululizo, pembe ya upande wa mteremko ikazama vidole vinne. Ufa ukalikata zege kati kwa kati, mlango ukagoma kufunga, maji yakaingia kwa chini, mbolea yote ikawa uji. Tuliling'oa banda zima, zege tukalivunja kwa nyundo, na kuyahamisha mapande yake kukanigharimu kuliko kulimwaga. Nilipompigia simu akasema ardhi yangu ndiyo mbaya. Ardhi aliikuta pale alipokuja kupima! Kuijua ndiyo kazi niliyomlipa. Pesa ile ilikuwa ya karafuu za msimu mzima, na roho inaniuma mpaka leo.

Sasa nakuomba: ondoa udongo wa juu wote, ule mweusi wenye mizizi, mpaka ufikie mgumu. Kwangu ilikuwa sentimita 20. Chimba upite kuta kidogo kila upande. Kifusi kiwe cha changarawe na mawe madogo, tabaka la sentimita 15, rashia maji, shindilia mpaka kisigino kisiache alama, ndipo limwagwe jengine. Usiruhusu tabaka la pili hujalikanyaga la kwanza kwa mguu wako mwenyewe. Hata fundi akinuna. Juu yake nailoni nene, halafu zege la sentimita 10, simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne, lifunikwe magunia mabichi siku 7. Mchanga usiwe wa pwani, chumvi yake inakula chuma. Upande wa juu chimba mfereji, maji yapite kando.

Mvua zikikuwahi, ngoja. Majembe yatalala ukumbini miezi miwili mitatu, hayatakufa.

Uliuliza pia mbao na mabati. Hayo baadaye. Kwanza niwekee hapa picha ya shimo, kabla hamjamwaga kitu.