Zima sauti kwanza, ndiyo tujue studio ipi ni kali

Mkuu mleta mada, umeuliza kati ya Pixar, Disney, DreamWorks na Illumination ni nani anatoa katuni bora za kuangalia na familia, halafu ukadokeza kwamba Pixar siku hizi imechuja. Nimesoma majibu ya wadau wote hapo juu. Wengi wametaja studio moja na kupita, mmoja kasema Illumination ni takataka tupu. Mimi nina watoto wawili, na kwa miaka kama sita hivi rimoti ya nyumbani si yangu, kwa hiyo mnivumilie nijibu kwa kirefu.

Mtoto haangalii katuni mara moja. Sisi tunamaliza muvi, tunasema nzuri au mbovu, maisha yanaendelea. Mtoto akiipenda ataidai kesho, keshokutwa na wiki nzima, mpaka unajua mhusika anavuta pumzi wapi kabla ya kuanza kuimba. Kufikia mara ya tatu vichekesho vyote vimeisha makali. Kufikia mara ya kumi unaanza kuona kama fundi aliunga mbao kweli au alipaka rangi juu ya ufa.

Kipimo changu nilikipata kwa bahati tu. Huyu mdogo alipozaliwa usingizi wake ulikuwa mwepesi kupita kiasi, ukikohoa ameamka. Dada yake alikuwa na miaka mitano na hakukubali kukosa katuni yake ya jioni. Tukaafikiana: tutaangalia, lakini sauti imezimwa kabisa. Kusoma alikuwa hajui, kwa hiyo hata maandishi ya chini yasingemsaidia.

Siku ya kwanza nikaweka How to Train Your Dragon ya DreamWorks, ile ya 2010. Alikuwa hajawahi kuiona. Nikajiambia robo saa nyingi, atachoka tukalale.

Kuna sehemu kijana Hiccup yuko bondeni na joka jeusi lililoumia mkia. Anaokota kijiti, anachora mchangani. Joka linachungulia, linaondoka, linarudi limeng'oa mti mzima mdomoni, nalo linaanza kuchora, mistari inazunguka kila upande. Hiccup anakanyaga mstari, joka linamkunjia sura. Anainua mguu, linatulia. Anakanyaga tena makusudi, linakunja tena. Basi anaanza kupita katikati ya mistari kwa uangalifu, anageuka huku na huku kama anayecheza ngoma, mpaka anajikuta yuko mbele ya joka lenyewe. Ananyosha mkono, joka linasita. Hapo anageuza uso pembeni, anafumba macho, na mkono anauacha hapo hapo hewani. Hausogezi tena. Nafasi iliyobaki, joka ndilo linaimaliza, linaweka pua kiganjani mwake.

Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni. Nilipomwangalia, naye kageuza uso pembeni, kafumba macho, mkono kaunyosha kuelekea kwenye runinga. Hakuna aliyemfundisha wala kumweleza kinachoendelea. Baadaye nikairudia mwenyewe na sauti nikakuta hamna hata neno moja pale, ni muziki wa John Powell tu.

Siku iliyofuata nikaweka nyingine, jina sitalitaja, ya studio kubwa, yenye wachekeshaji maarufu waliotia sauti. Ukiwazima sauti hao, kinachobaki ni midomo inayopigapiga na watu waliosimama wakitazamana. Dakika ya kumi binti akanyanyuka akaenda kucheza na wanasesere wake. Kumbe nilikuwa nimeiangalia mara mbili nikaiona nzuri, na uzuri wote ulikuwa redioni.

Tangu hapo kila katuni mpya naipa dakika ishirini za kimya. Ukifanya hivyo, mkuu, ligi ya studio inavurugika kabisa.

Chukua Sony, ambao hata hukuwataja. Mwaka 2017 walitoa The Emoji Movie, ikapewa tuzo ya Razzie ya muvi mbovu kuliko zote za mwaka. Mwaka 2018, studio ile ile, ikatoa Spider-Man: Into the Spider-Verse na ikabeba Oscar ya katuni bora. Sasa ungekuwa unachagua kwa nembo tu, ungeikimbia hii ya pili. Na hii ya pili ina kitu ambacho niliking'amua nikiwa nimezima sauti. Muvi ya kawaida ina fremu 24 kwa sekunde. Miles, kijana anayejifunza kuwa Spider-Man, akiwa bado hajajua kazi, sehemu kubwa pozi lake linabadilika kila baada ya fremu mbili, yaani picha 12 kwa sekunde. Wanaporuka msituni na Peter, Spider-Man mzoefu anayemfundisha, Peter anabadilika kila fremu, amenyooka kama maji, na Miles pembeni yake anakatikakatika. Mtoto hatakwambia hayo mambo ya fremu, ila atakwambia "huyu bado hajui." Binti alisema hivyo hivyo, bila mimi kuuliza. (Ina miale na rangi za haraka haraka, kwa mdogo sana ningesubiri.)

Nije Pixar, maana ndiyo moyo wa swali lako. Toy Story ya 1995 ndiyo muvi ndefu ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, na watu wakadhani siri yao ni kompyuta. Wenzao walipata kompyuta hizo hizo muda si mrefu. Siri ilikuwa kukubali kwamba kazi ya kwanza ni mbovu. Ed Catmull, mmoja wa waanzilishi, ameandika wazi kabisa kwamba muvi zao zote mwanzoni huwa mbaya. Walikuwa na kikao cha waongozaji na waandishi kinachoitwa Braintrust: unaonyesha kazi yako ambayo haijaiva, wenzako wanakuchana ukweli, lakini hawana mamlaka ya kukulazimisha, ukitoka hapo uamuzi ni wako. Toy Story 2 hadithi yake ilisukwa upya ikiwa imebaki takriban miezi tisa tu kabla ya kutoka 1999. Wangeweza kuiachia ile ya zamani na watu wangenunua tiketi.

Matunda yake ni kama yale maisha ya mume na mke, Carl na Ellie, kwenye Up ya 2009. Kama dakika nne, hakuna neno. Wana chupa ya akiba ya safari. Gurudumu likipasuka, wanaivunja. Mguu ukivunjika, wanaivunja. Mti ukiangukia paa, wanaivunja tena. Katikati ya hayo Ellie anamfunga Carl tai, tai inabadilika rangi, inabadilika tena, na nywele zao zinazidi kuwa nyeupe. Tuliiangalia kimya. Ilipofika Carl kabaki peke yake na puto mkononi, binti akanigeukia, "Yule bibi yuko wapi?" Nikamwambia ukweli. Akafikiri kidogo, akauliza kama safari sasa ataenda nani. Ndilo swali lenyewe ambalo muvi yote inalijibu, na yeye alilipata ndani ya dakika kumi za mwanzo bila kusikia chochote.

Kwa hiyo imechuja? Hesabu mwenyewe. Kuanzia 1995 hadi 2009 Pixar walitoa muvi 10, na iliyokuwa mwendelezo ni moja, hiyo Toy Story 2. Kuanzia 2010 hadi 2019 walitoa 11, na 7 kati yake zinatokana na muvi walizokwisha kutoa. Hapo ndipo watu walipoanza kusikia ladha ya kiporo. Lakini katika hizo nne zilizobaki kuna Inside Out na Coco, ambazo mimi naziweka juu ya nusu ya zile za zamani. Halafu Soul, Luca na Turning Red zilipelekwa moja kwa moja Disney+ katika nchi nyingi, kwa hiyo wengi wanaosema Pixar imeisha hawajaziona kabisa. Mtu hajala, anasema chakula kibaya.

Illumination sasa, na huyu aliyesema takataka. Hapana, mkuu. Minions ya 2015 bajeti yake ilikuwa kama dola milioni 74, ikaingiza zaidi ya bilioni 1.1. Toy Story 3 ilitumia kama milioni 200. Jamaa wanajua wanachouza. Na ukweli ambao uliniudhi kidogo ni huu: kwenye kipimo changu cha kimya Minions wanafaulu vizuri sana! Lugha yao yenyewe haieleweki, kwa hiyo ukiwazima hupungukiwi na kitu. Kuanguka, kugongana, ndizi, vicheko. Binti alicheka mpaka nikaogopa mtoto ataamka.

Ilinibidi niongeze kipimo cha pili, cha maswali. Muvi ikiisha, mtoto anauliza nini? Baada ya Minions anauliza kama kuna nyingine. Baada ya Inside Out, ambayo wahusika wake ni hisia za kichwani mwa msichana, alikaa kimya mpaka wakati wa kupiga mswaki, ndipo akasema, "Kumbe Huzuni naye ana kazi." Sikumsaidia kufika hapo. Furaha kwenye ile muvi anahangaika karibu saa nzima akimzuia Huzuni asiguse kitu, na mtoto ameona kwa macho yake kwamba aliyemtuliza yule mwenye huzuni ni Huzuni, kwa kukaa tu pembeni yake na kumsikiliza. Kwa hiyo Illumination ukitaka kucheka jioni umechoka, weka, hakuna dhambi. Usitegemee mazungumzo kitandani.

Kipimo cha kimya kilishanidanganya pia. Puss in Boots: The Last Wish ya 2022, DreamWorks tena, tuliangalia kimya tukaona mbwa mwitu ni adui wa kawaida mwenye mundu mbili. Tulipoirudia na sauti, ule mluzi wake ulimfanya binti aombe taa iwashwe. Anapiga mluzi taratibu kabla hujamwona, na ukishausikia mara moja basi unausikia hata usipokuwepo. Niliwadharau watu wa sauti, nawaomba radhi. Ila ukiniuliza sehemu bora ya muvi ile ni ya kimya: paka kakimbia, kakaa chini, moyo unamwenda mbio, pumzi hazishiki, na yule mbwa mdogo hasemi lolote, analaza kichwa chake tumboni mwa paka mpaka pumzi zinarudi. DreamWorks wale wale waliojenga jina kwa mizaha ya Shrek. Miaka miwili baadaye wakatoa The Wild Robot, na hiyo nayo msitu wake umepakwa kama kwa brashi, sehemu ndefu mwanzoni roboti haelewani na mnyama yeyote na bado unaelewa kila kitu. Kwa sasa hivi, kama ni lazima niseme nani yuko kwenye fomu, ni hao.

Disney kipimo changu kinawaonea, maana wao nguvu yao ni nyimbo. Frozen ya 2013 Elsa alipangwa awe mbaya wa hadithi, mpaka waliposikia "Let It Go" wakaona wimbo huu haumfai mtu mbaya, wakaandika upya. Studio inayobadilisha hadithi kwa ajili ya wimbo huwezi kuipima ukiwa umezima wimbo. Na The Lion King kwetu sisi ina raha ya ziada, mtu mwingine hajui kwa nini unacheka kabla ya mzaha: jina tu la Pumbaa limeshamaliza kazi.

Sasa mimi nakushangaa kitu kimoja, mkuu, orodha yako yote ni ya Marekani. Umewaacha Ghibli wa Japani. Kwenye Spirited Away ya 2001 kuna safari ya treni, Chihiro amekaa na yule kiumbe asiye na uso, reli imefunikwa na maji, abiria wengine ni vivuli tu, wanashuka kituo kimoja kimoja mpaka wanabaki wao. Hakuna tukio. Hayao Miyazaki aliwahi kumweleza mhakiki Roger Ebert kuhusu nafasi tupu hizo kwa kupiga makofi: muda ulio kati ya kofi na kofi, Wajapani wanauita *ma*. Studio nyingi zinaogopa muda huo, zinadhani mtoto atatoroka. Wa kwangu hakutoroka, alisogea karibu. Lakini kwa mwenye miaka mitano anza na My Neighbor Totoro, haina hata adui mmoja. Spirited Away ina vitu vya kumkosesha usingizi.

Na kama unataka kuona kwamba bajeti kubwa si lazima, tafuta Flow ya 2024 kutoka Latvia, ya Gints Zilbalodis. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata wewe unaipakua leo. Paka, mbwa na wenzao ndani ya mashua, mafuriko, hakuna anayesema neno mwanzo hadi mwisho. Ikachukua Oscar ya 2025 mbele ya Inside Out 2 na hiyo The Wild Robot.

Tuambie watoto wako wana umri gani, nikupangie ya kuanzia. Huyu wangu mwenye usingizi mwepesi sasa ana miaka minne, na jana alidai joka jeusi kwa mara nadhani ya kumi na saba, sauti juu mpaka dada yake akahamia chumbani.