Njano ya machoni na njano ya viganjani

Barua za wiki hii zimekuja na rangi moja. Kabla sijaanza kujibu, naomba kila msomaji ashike jambo hili: njano ya kweli itafute kwenye weupe wa jicho, tena mchana, mlangoni au nje uani. Taa ya umeme huificha, na koroboi ndiyo kabisa.

Mwanangu ana siku tatu, uso na kifua vimekuwa njano. Mama mkwe anasema nimwoteshe jua la asubuhi itaisha. Nimsikilize? (Mama wa Gungu, Kigoma)

Hongera kwa kujifungua, mama. Mpeleke leo hii akaonwe, hata kama ananyonya vizuri.

Chembe nyekundu za damu zikizeeka huvunjwa, na katika kuvunjwa kwake hutoka rangi ya njano iitwayo bilirubini. Kwa mtu mzima chembe hizo huishi siku 120 hivi. Za mtoto mchanga huishi muda mfupi zaidi, naye anazo nyingi, wakati ini lake bado changa na halijazoea kuichuja rangi hiyo na kuitoa pamoja na nyongo. Ndiyo maana zaidi ya nusu ya watoto waliotimiza miezi yao hupata unjano kidogo siku ya pili au ya tatu, ukapungua wenyewe ndani ya wiki mbili. Huenda wa kwako ni huo. Lakini kwa macho matupu mimi siwezi kukuapia, na mama mkwe hawezi. Kinachojua ni kipimo.

Bilirubini ikizidi sana huingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kubaki kiziwi, au na mtindio wa ubongo maisha yake yote, na hapo hakuna dawa ya kurudisha nyuma. Kwa hiyo unjano uliotokea ndani ya saa 24 za kwanza ni dharura, hata iwe usiku wa manane. Vivyo hivyo ukishuka hadi miguuni, mtoto akawa mzito wa kuamka na kunyonya, akalia kwa sauti kali isiyo ya kawaida, au akapinda mgongo kwenda nyuma. Mtoto akiwa amefumba macho, bonyeza kidogo ngozi ya paji la uso au pua kwa kidole, uachie, utazame rangi iliyobaki pale. Mtazame na fizi.

Kuhusu jua, mama mkwe hakulitoa hewani. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Essex, Uingereza, muuguzi Jean Ward alikuwa akiwatoa watoto njiti nje wapate hewa na jua. Akawaonyesha madaktari mtoto mmoja ambaye ngozi iliyopigwa na jua ilikuwa imefifia, na ile iliyofunikwa na shuka ilibaki njano. Taa za buluu tunazotumia wodini leo zilianzia hapo. Lakini taa ina kipimo, na jua la uani halina. Tena mtoto uchi nje hupata baridi au huungua, na kibaya kuliko vyote, siku zinapita mkiamini anatibiwa. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba alichokiona ni kweli, ila taa ni bora.

Mnyonyeshe mara 8 hadi 12 kwa siku, usiku ukiwemo, maana bilirubini hutoka kwa choo. Waambie wahudumu kundi lako la damu, hasa kama ni O au kama uliwahi kuambiwa ni hasi. Na kama nguo zake zilihifadhiwa sandukuni na zile tembe nyeupe za kufukuza mende, zifueni na kuzianika vizuri kwanza. Kwa mtoto aliyezaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, mvuke wake tu huweza kuvunja damu.

Kila Ramadhani ndugu zangu huniambia macho yamekuwa njano. Baada ya Idi yanarudi. Siumwi popote. (Kijana wa Ujiji)

Maelezo yako yanafanana sana na hali ya Gilbert, iliyopewa jina la Augustin Gilbert, daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1901. Ni ya kuzaliwa nayo, wala si adimu. Ini ni zima, ila hushughulikia bilirubini polepole, na kukaa na njaa, kukosa usingizi au kupata homa huipandisha. Haidhuru wala haihitaji dawa. Hata hivyo pima mara moja: bilirubini, vipimo vingine vya ini, wingi wa damu na sikoseli. Vingine vyote vikiwa sawa, funga kwa amani.

Viganja na nyayo zangu zimekuwa njano. Je, ni ini? (Dada wa Mwandiga)

Weupe wa macho je? Ukiwa mweupe, na chakula chako ni mboga za mawese kila siku na papai juu yake, ni rangi ya chakula tu. Mawese yetu yamejaa karotini, ile rangi ya chungwa iliyomo pia kwenye karoti. Punguza, itafifia polepole.

Nina miaka 67. Macho ni njano wiki ya tatu sasa, sina maumivu, mwili unawasha, mkojo kama chai ya rangi, choo kimepauka kama majivu. Majirani wanasema ni homa ya manjano, natumia mizizi. (Mzee wa Urambo)

Shikamoo mzee wangu. Homa ya manjano huenezwa na mbu na huanza kwa homa kali, haiji kimyakimya hivi. Rangi ya choo hutokana na nyongo. Choo kikipauka na mkojo ukawa mweusi, njia ya nyongo imeziba, na bilirubini inarudi kwenye damu. Yaweza kuwa vijiwe, yaweza kuwa uvimbe kwenye kongosho, na sitakuficha: kutokuwa na maumivu hakunipi faraja. Acha mizizi, maana mingine huliumiza ini. Wiki hii hii nenda hospitali ya rufaa ya Kitete, omba utrasaundi ya tumbo. Kabla ya hapo usikubali kung'olewa jino wala kuchanjwa chale, kwa sababu nyongo ikiziba damu huchelewa kuganda.

Nimeanza dawa za kifua kikuu, mkojo umekuwa rangi ya chungwa. Niache dawa? (Kaka wa Nzega)

Usiache. Ni rangi ya rifampisini, mojawapo ya dawa hizo za kifua kikuu; hata machozi na jasho huweza kubadilika. Kila asubuhi tazama macho yako kwenye kioo, mlangoni. Yakiingia njano, au ukianza kutapika na kukosa hamu ya kula, usingoje tarehe ya kliniki. Rudi siku hiyo hiyo, na dawa zako mkononi.