Maswali na Majibu: Amplifaya za Kuunda Nyumbani

Nimeajiriwa, na jioni huunda amplifaya za stereo kwa chipu za LM3886. Watu wanane wamezitaka. Je, nikope ili niziunde zote kwa pamoja? (Mwanza)

Usikope. Anza na tano, kwa sababu viwanda vingi vya bodi za saketi nchini China hupokea oda kuanzia bodi 5, na kwa idadi hiyo kosa la mchoro, likijitokeza, halitakufilisi. Kila mteja atangulize fedha za kutosha vipuri vyake, ambavyo ghali zaidi ni transfoma, kipoza joto na kasha, wala si chipu. Fedha hizo ziwekwe kwenye laini ya simu ya peke yake, zisichanganywe na za matumizi ya nyumbani, kwani mpaka mteja achukue mzigo wake hilo ni deni. Hata hivyo, usipokee shilingi ya mtu kabla amplifaya ya mfano haijakamilika na kusikilizwa. Watatu wanaobaki wasubiri awamu ya pili. Atakayebadili nia, ni heri abadili kabla hujanunua transfoma.

Nipange bei gani? (Tanga)

Hapa wengi hujipunja. Tuseme vipuri vimegharimu shilingi 220,000 na kazi imechukua saa 10. Ukiuza kwa 260,000 umejilipa shilingi 4,000 kwa saa, kabla hujahesabu nauli ya Kariakoo, chipu iliyoungua na amplifaya itakayorudishwa kwa sababu swichi imelegea. Ingiza yote hayo katika bei. Ikizidi ya dukani, nayo itazidi, mweleze mteja anacholipia: kifaa kinachotengenezeka, chenye mchoro wake ndani ya mfuniko.

Chipu mbili za LM3886 kati ya tano zimeungua nilipowasha tu. Je, ni bandia? (Dodoma)

Huenda, maana chipu hii hughushiwa sana, lakini kabla ya kumrudia muuzaji tazama jinsi ulivyoifunga. LM3886T ina mgongo wa chuma ulioungana na volti hasi, hivyo ukiukaza kwenye kipoza joto chenye ethi bila kuweka maika (kipande chembamba kisichopitisha umeme) katikati, shoti umeitengeneza mwenyewe. LM3886TF, ambayo mgongo wake umefunikwa plastiki, haina tatizo hilo. Ningeanzia hapo.

Safari ijayo, unganisha balbu ya kizamani ya wati 60, si ya LED, mfululizo na waya wa moto. Ikimulika kidogo huku kapasita zikijaa, kisha ikafifia, endelea. Iking'ang'ania kuwaka kwa nguvu, zima utafute kosa. Spika nayo isiunganishwe mpaka umepima volti za DC pale inapochomekwa, na zisizidi makumi machache ya milivolti.

Wateja wanataka Bluetooth. Niiweke? (Dar es Salaam)

Si katika awamu ya kwanza. Moduli hiyo hukigeuza kifaa kuwa cha mawasiliano ya redio, na hapo yaingia masuala ya uthibitisho wa TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Weka tundu la waya; anayetaka Bluetooth atachomeka kipokezi chake.