Saa ya meli iliyofika Kongwa

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu babu aliwapikia Wazungu wa mradi wa karanga hapa Kongwa. Mmoja wao alipoondoka alimwachia sanduku la mbao lenye saa kubwa, imeshikwa na pete za shaba. Usoni ina namba na alama ya mshale kama unyayo wa kuku. Nimeijaza ufunguo, haiendi. Jirani anasema ilikuwa kwenye meli ya vita. Nitajuaje? Na je, niing'arishe kabla ya kuiuza?
Msomaji, Kongwa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kwanza weka kando dawa ya kung'arishia! Usisugue chochote, hasa pale penye namba na mshale.

Hiyo ni kronomita, saa ya kuongozea meli, na mshale huo ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Kuanzia 1821 kronomita za jeshi lao la majini zilisimamiwa na kituo cha kuangalia nyota cha Greenwich. Kila moja iliandikwa daftarini: imekabidhiwa meli gani, imerudi lini, imepelekwa kwa fundi lini. Madaftari hayo yanatunzwa na maktaba ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Waandikie, uwape namba na jina la mtengenezaji. Maneno ya jirani yanawezekana, maana mradi ule wa 1947 ulileta Kongwa mitambo mingi iliyobaki vitani na watu waliotoka jeshini. Lakini mnunuzi makini atataka jina la meli kwa maandishi, na kwa hilo atalipa zaidi kuliko kwa shaba inayometa.

Kwa nini walizitunza hivyo? Kronomita hubeba saa ya Greenwich safarini kote, na nahodha huilinganisha na saa ya jua la pale alipo ili ajue yuko umbali gani mashariki au magharibi. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kila dakika 4. Hapa Dodoma mjini, ukiacha kule kuwahi na kuchelewa kwa jua kwa misimu, jua hutufika utosini wakati Greenwich ni saa 3 na dakika 37 asubuhi. Tofauti na saa sita kamili ni dakika 143. Gawa kwa 4, unapata nyuzi 35 na robo tatu mashariki. Ndipo tulipo. Baharini nahodha hana mlima wala reli ya kumwelekeza. Saa ikikosea dakika moja tu, kwenye ikweta amekosea maili 15 za baharini, na mwamba haumsubiri.

Kutokwenda kwake kusikutishe. Kronomita haijianzi yenyewe hata ikijazwa ufunguo. Huanza kwa kuzungushwa kidogo, kwa haraka. Lakini wewe usijaribu. Mafuta ya ndani yameshakauka, na ncha za ekseli zake ni nyembamba mno, ikilazimishwa zinalika. Acha kuijaza ufunguo, ifunike vumbi lisiingie, umtafute fundi anayezijua saa za aina hiyo.

Ukisafiri nayo, pembeni mwa pete kuna komeo dogo la kuzizuia zisicheze. Lifunge, na ndani ya basi uipakate mwenyewe, isiende kwenye buti.