Laptopu zifungwe kwanza: kumfunza mhadhiri kufundisha mtandaoni

Mafunzo mengi huanzia kwenye vitufe: bonyeza hapa kurekodi, bonyeza pale kuonyesha slaidi. Vitufe mhadhiri atavizoea. Kinachompiga chenga ni mwanafunzi aliye Likoni au Kisauni, Mombasa, mwenye simu ndogo na bando la kununua kila siku. Basi siku ya kwanza kila mhadhiri aingie Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, kwa simu, kama mwanafunzi, akitumia data yake na si waifai ya chuo. Afungue somo lake, ajibu jaribio, apakie kazi. Akigundua kuwa kitabu alichokiskani kina MB 60, hutahitaji kumhubiria.

Kisha mpigie hesabu ya data. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde hula karibu MB 38 kwa dakika 10. Sauti tupu ya kilobiti 32 kwa sekunde, hata ikiwa ya dakika 20, haifiki MB 5, na maneno yanasikika vizuri. Mhadhara wa saa mbili usirekodiwe mzima. Ukatwe vipande vya dakika 8 hadi 10, kila kipande na hoja yake, na video ibaki kwa yale yasiyoeleweka bila kuonekana.

Sauti mbovu huharibu kipindi kuliko picha mbovu. Pangaboi likizunguka juu ya maikrofoni ya laptopu, mwanafunzi atasikia upepo tu. Lizime (ndiyo, joto tunalijua) na utumie maikrofoni ya spika za masikioni, ishikizwe kifuani kama shubiri moja kutoka mdomoni. Isiguse buibui wala kola, maana kule kukwaruza husikika kuliko somo. Angalia pia saa za adhana kabla ya kuanza kurekodi.

"Mmeelewa?" si swali. Hujibiwa "ndio mwalimu" hata na aliyelala. Uliza linalojibiwa kwa namba au neno moja kwenye gumzo, kisha nyamaza sekunde 20. Kuandika kwa simu kunachukua muda, na mtandao nao una ucheleweshaji wake. Wahadhiri wengi hukata tamaa kwenye sekunde ya tano na kujijibu wenyewe.

Saa ndiyo huzaa kesi. Ukiandika mwisho wa kazi ni 12:00 AM Jumatatu, mfumo utafunga Jumapili usiku ukiingia Jumatatu, na nusu ya darasa itasubiri Jumatatu usiku. Tena huku Pwani wapo ambao kwao usiku wa Jumatatu ndio huo wa Jumapili jioni, maana siku kwao huanza jua likitua. Weka 17:00, uandike kando "saa kumi na moja jioni", wakati bado kuna mtu wa kupigiwa simu.

Na stima ikipotea katikati ya jaribio? Liache wazi saa 24, mwanafunzi achague dakika zake 40 ndani ya muda huo, na kwenye mipangilio uchague majibu yatumwe yenyewe dakika zikiisha. Lijaribu kwanza kwa akaunti ya mwanafunzi, ukizima data katikati kwa makusudi.